Mahakama zinakuja watu washakufa, sasa sheria inazuia nini?

Swali la leo limetoka kwa mwalimu mmoja anayefundisha kambi ya wakimbizi ya Kyangwali hapa Uganda, mtu wa Ituri, Kongo, alivuka Ziwa Albert mwaka 2018 na watoto wake. Ameandika marefu, nalifupisha hivi. Kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kwao kuna jamaa anaishi hapa hapa Kampala, kila wiki anatuma odio, anawaita watu wa kabila lingine majina ya wadudu, anasema "kazi haijaisha", na juzi kasema msimu wa kulima ukianza wasikutwe mashambani. Grupu lina watu zaidi ya mia mbili. Sasa mwalimu anauliza, hizi mahakama za kimataifa siku zote zinakuja watu washazikwa, zinazuia nini? Yeye mkimbizi mwenye simu tu anaweza kufanya nini? Na je, atoke kwenye hilo grupu au abaki?

Mwalimu, pole sana, na asante kwa kuuliza. Mimi ni wakili, makosa ya kimataifa ndo kazi yangu kwa miaka mingi, na swali lako nalisikia kila ninapoenda kuongea na wakimbizi, Nakivale, Kyaka, popote pale. Nitakujibu kwa urefu.

Kwanza nikubaliane na wewe pale ulipo sahihi, maana sitaki nikupe matumaini hewa. Mahakama ya UN ya makosa ya vita vya Yugoslavia iliundwa Mei 1993, ikawa na majaji, mwendesha mashtaka, ofisi na kila kitu, na bado Julai 1995 pale Srebrenica, Bosnia, wanaume na vijana zaidi ya 8,000 waliuawa kwa siku chache, mahakama ikiwepo. Darfur, kule Sudan, vilevile. Baraza la Usalama liliipeleka ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai iliyoko Hague, Machi 2005, Omar al-Bashir, rais wa Sudan wa wakati ule, akatolewa hati ya kukamatwa 2009, mwaka 2010 ikaongezwa nyingine yenye kosa la mauaji ya kimbari, na hajafika Hague. Hapa kwetu Uganda alikuja mara mbili, Mei 2016 kwenye kuapishwa kwa Rais Museveni na tena Novemba 2017. Nchi yetu ni mwanachama wa ICC tangu 2002, tulikuwa na wajibu wa kumshika, hatukumshika, na baada ya ile safari ya kwanza majaji walisema wazi kwamba Uganda imevunja wajibu wake. Mwaka 2023 Darfur ikawaka tena. Mimi kama Mganda hilo linaniuma, kwa sababu sisi tunajua vita ni nini na tulimpokea kwa zulia.

Kwa hio mtu akikwambia muuaji mkubwa anaogopa Hague, usimkubalie haraka. Aliyekwishaamua hazuiwi na karatasi.

Lakini sheria hii haianzii kwenye hukumu, na hapo ndo watu wengi wanapoikosea. Mkataba wa mauaji ya kimbari wa Desemba 1948 umetaja kuzuia kabla ya kuadhibu, na ukisoma makosa yake utaona kuua ni moja tu. Kula njama ni kosa, kujaribu ni kosa, kuchochea moja kwa moja na hadharani ni kosa. Haya matatu yanaweza kukamilika kabla hata mtu mmoja hajaguswa. Mchochezi anaweza kufungwa hata kama waliomsikiliza wote walirudi nyumbani wakalala. Yaani waliouandika mkataba, wakiwa wametoka kuyaona ya Ulaya, walitaka mkono wa sheria ufike wakati maneno bado ni maneno.

Nikupe kisa kimoja, na naomba ukisome taratibu.

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali panaitwa Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, mwanasiasa wa chama tawala aitwae Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano wa chama akahutubia. Ndani ya hotuba akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Kila aliyekuwa pale alielewa, mtu haendi Ethiopia kwa mto ule, anaenda maiti. Hotuba ilirekodiwa. Na sikia hii, ambayo wengi hawaijui, waziri wa sheria wa Rwanda wa wakati ule alitoa hati Mugesera akamatwe, kwa ajili ya maneno yale yale. Mugesera akatoroka, mwaka uliofuata akafika Canada, akapewa makazi akaendelea na maisha.

Miezi 17 baada ya hotuba mauaji yakaanza, Aprili 1994, watu zaidi ya 800,000 ndani ya siku kama 100. Maiti zikatupwa Nyabarongo kama alivyosema, zikaingia Akagera, Akagera ikazileta Ziwa Victoria, zikafika kwetu. Wavuvi na wanavijiji wa Kasensero, Lambu na Ggolo ndo waliozitoa majini kwa mikono yao, maelfu, na makaburi yapo mpaka leo, ukipata nafasi nenda ukayaone. Mugesera? Mahakama ya juu ya Canada ilisema mwaka 2005 kwamba hotuba ile ilikuwa uchochezi, alirudishwa Rwanda Januari 2012, na 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wenzangu wengi wanakisimulia kisa hiki kama ushindi, kwamba mwishowe alipatikana. Mimi macho yangu yanabaki pale Novemba 1992. Sheria ilikuwepo, sauti ilikuwepo, jina lilikuwepo, hati ilitoka. Kilichokosekana ni watu wa kuifuatilia hati ile isife, majirani wa kusema huyu akivuka mpaka tunamrudisha, na serikali za nje zilizokuwa zinatoa misaada kusema shilingi haitoki mpaka huyu asimame kizimbani. Hebu fikiria angefungwa Desemba 1992 kwa hotuba moja. Wale wa redio ya chuki RTLM walioanza kurusha matangazo Julai 1993 wangekuwa na mfano mbele yao wa mtu aliyesema akashikwa. Badala yake mfano waliouona ni wa mtu aliyesema akaenda zake.

Sasa twende kwa yule ambaye sheria inaweza kumzuia kweli, kwa sababu yupo.

Kule Taba, Rwanda ya kati, meya alikuwa Jean-Paul Akayesu, zamani alikuwa mwalimu kama wewe, baadae mkaguzi wa shule. Mauaji yalipoanza Aprili 1994 alijaribu kuyazuia kwenye eneo lake, hili limo ndani ya hukumu yenyewe, si maneno ya mawakili wake. Taba ikakaa siku kadhaa bila yale yaliyokuwa yanatokea kwingine. Afu tarehe 18 Aprili mameya wakaitwa mkutano na viongozi wa serikali ya mpito kule Gitarama, na akirudi kutoka pale ni mtu mwingine kabisa. Watu waliokimbilia ofisini kwake wakauawa, wanawake wakabakwa pale pale kwenye ofisi ya komuni huku yeye akijua na akiwatia moyo wabakaji. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Arusha, ile ya UN kwa ajili ya Rwanda, ikamtia hatiani, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutoka mahakama ya kimataifa, na ya kwanza kusema ubakaji nao unaweza kuwa kimbari. Kifungo cha maisha.

Mwalimu, angalia huyo mtu kati ya tarehe 7 na 18 Aprili. Hakuwa na chuki ya kufa nayo, alikuwa na hesabu. Anaangalia nani atashinda, nani atamlinda, nani atamuuliza. Watu wa namna hii ndo wanaofanya mauaji makubwa yawezekane, meya, mtangazaji, mwenye lori, mfanyabiashara anayetoa hela ya mafuta, mkuu wa kituo cha polisi anayeamua leo askari wasitoke. Wale wa juu wachache hawawezi kuua watu laki kadhaa peke yao, wanawahitaji hawa wa kati, na hawa wa kati wengi wao wanasubiri kuona upepo. Sheria ya kimataifa inazuia pale inapomfikia mtu huyu akiwa bado anahesabu, ajue jina lake limeandikwa, ajue kuna mtu nje ya kijiji anayajua anayofanya, ajue kwamba kusema "niliagizwa" hakutamsaidia. Mi naamini hivyo kwa moyo wote na ndo sababu bado niko kwenye kazi hii. Ukimfikia baada ya mkutano wa Gitarama umechelewa.

Na hapo hapo ndo unaona kwa nini haki ya upande mmoja ni hatari. Hapa Uganda, ICC ilitoa hati tano mwaka 2005, Joseph Kony na makamanda wenzake, wote wa kundi la waasi la LRA. Mmoja wao, Dominic Ongwen, alitiwa hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, akapewa miaka 25. Mahakama yetu wenyewe, ile divisheni ya makosa ya kimataifa ya Mahakama Kuu, ilimhukumu Thomas Kwoyelo, naye wa LRA, miaka 40, Oktoba 2024. Hukumu hizo nazikubali, watu wa kaskazini waliteseka mno. Ila ukienda Gulu au Kitgum wazee watakuuliza, na upande wa jeshi la serikali je, yale tuliyofanyiwa na wao nani atayasikiliza? ICC haijamshtaki hata afisa mmoja wa serikali kwa vita ile. Kwenu Ituri, Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, alihukumiwa 2012, miaka 14, kwa kosa la kuwaingiza watoto jeshini tu, vijiji vilivyochomwa havikuwemo kwenye mashtaka, na watu wa Bunia walibaki wanashangaa. Kamanda wake Bosco Ntaganda angalau 2019 alijibu kwa kuua na kubaka pia, akapata 30. Mtu wa kati akiona wanaoshtakiwa ni walioshindwa vita tu, anachojifunza ni kwamba usishindwe.

Nchi nazo zina hesabu zao. Mwaka 1993, mwezi wa nane, mtaalamu wa UN Bacre Waly Ndiaye aliandika kwamba Watutsi wa Rwanda wanauawa kwa sababu ya kabila lao na akautaja waziwazi mkataba wa kimbari. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari wa UN Rwanda, akatuma ujumbe New York kwamba kuna mtoa habari wa ndani, kuna silaha zimefichwa Kigali, Watutsi wanaandikishwa majina na yeye anahofia ni kwa ajili ya kuwamaliza. Akakatazwa kuzishika silaha. Na damu ilipoanza kumwagika, tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapunguza askari wa UN kutoka kama 2,500 hadi 270. Baadae viongozi wa dunia wakaja Kigali wakasema hawakuelewa ukubwa wa jambo.

Tarehe 26 Februari 2007 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ile ICJ ambayo inashughulika na nchi kwa nchi, ikaamua kesi ya Bosnia na Serbia. Haikusema Serbia ndo iliyofanya kimbari ya Srebrenica. Ilisema Serbia ilikuwa na ushawishi juu ya Waserbia wa Bosnia na haikuutumia kuzuia, na hilo peke yake ni kuvunja mkataba. Na ikasema wajibu wa kuzuia unaanza pale nchi inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba kuna hatari kubwa. Haisubiri mauaji yaanze. Hapa, mwalimu, ndo simu yako inapoingia, nitarudi.

Nisikufiche, nchi yangu nayo iliwahi kusimama mbele ya mahakama hio. Desemba 2005 ICJ ilisema Uganda ilikuwa inaikalia Ituri kijeshi na haikuwa makini kuzuia uvunjaji wa haki za watu, hata ule uliofanywa na makundi mengine, na Februari 2022 tukaambiwa tulipe dola milioni 325. Haikuwa kesi ya kimbari ila kanuni ni ile ile, ukiwa na uwezo juu ya mahali unaulizwa ulizuia nini.

Kuna pia amri za dharura za ICJ. Gambia, nchi ndogo ambayo haipakani na Myanmar wala haina ugomvi nayo, iliishtaki Myanmar Novemba 2019 kwa ajili ya Warohingya, na Januari 2020 mahakama ikaamuru Myanmar izuie vitendo vya kimbari, isiharibu ushahidi na itoe ripoti kila baada ya muda. Afrika Kusini ikafanya hivyo hivyo kuhusu Gaza, amri zikatoka 26 Januari 2024, mojawapo ikiitaka Israel izuie na iadhibu uchochezi. Najua mnakumbuka jaji wetu Julia Sebutinde alizipinga zote sita, na serikali ikasema huo ni msimamo wake si wa Uganda. Amri zimetoka na watu wameendelea kufa, hilo liko wazi. Ila baada ya amri, nchi inayotoa silaha na kampuni inayouza mafuta zinaanza kuulizwa na mawakili wao wenyewe, na mlango ule wa kwamba nchi ambayo haikuguswa inaweza kushtaki uko wazi sasa kwa nchi wanachama wa mkataba. Uganda ingeweza. Tanzania pia.

Sasa tuje kwenye hizo odio.

Kisheria, uchochezi wa kimbari una masharti magumu na ni vizuri uyajue usije ukavunjika moyo. Lazima iwe wito wa moja kwa moja, iwe hadharani, na msemaji awe na nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Tusi peke yake halitoshi hata liwe baya vipi. Kwenye kesi ya wale wa RTLM na gazeti la Kangura, majaji wa rufaa mwaka 2007 walisema matangazo ya redio kabla ya 6 Aprili 1994, yaani kabla mauaji hayajaanza, hayakuthibitishwa kuwa uchochezi wa moja kwa moja, yalikuwa chuki, ila yale ya baada ya tarehe hio ndo yaliyohesabiwa. Wengi tuliumia na uamuzi huo lakini ndo sheria ilivyo. Kwa hio "wadudu" ni chuki. "Kazi haijaisha" ni jambo lingine. Rwanda nako walisema kazi, "gukora", kila mtu akajua maana yake ni kuua, na mahakama ya Arusha ilikubali kwamba maneno yapimwe kwa jinsi wasikilizaji wa lugha ile walivyoyaelewa. Na hio ya msimu wa kulima ina muda na ina mahali. Hio mimi ningeiweka juu ya zote.

Je, WhatsApp ni hadharani? Majaji wa Arusha waliwahi kukataa maneno yaliyosemwa kwa watu wachache kwenye kizuizi cha barabarani yahesabiwe ya hadharani, wakaangalia idadi ya wasikilizaji na njia iliyotumika. Grupu la watu zaidi ya mia mbili ambalo odio zake zinasambazwa kwenye magrupu mengine ni hoja nzuri kabisa kwa mwendesha mashtaka, kwa hio ukiona odio ile ile imetokea kwingine andika imetokea wapi na lini.

Na huyo jamaa asidhani Kampala ni mbali na Ituri. Sheria yetu ya ICC ya mwaka 2010 imeyaingiza haya makosa kwenye sheria za Uganda, aliyeyatenda akiwa hapa anashtakiwa hapa, hata aliyeyatenda nje akaingia nchini anaweza kushtakiwa hapa, mkurugenzi wa mashtaka, DPP, akiridhia. Ujerumani ilishawahi kuwashika viongozi wa FDLR, waasi wa Rwanda walioko Kongo, waliokuwa wanaishi kule huku vita viko Kivu. Ignace Murwanashyaka alikamatwa Novemba 2009, mawasiliano yake ya simu na imeili na msituni yakawa sehemu ya ushahidi, na 2015 mahakama ya Stuttgart ikampa miaka 13. Rufaa baadae ilitengua sehemu ya hukumu ile na akafariki 2019 kabla ya kusikilizwa upya, ila tangu siku ile ya kukamatwa hakuongoza tena kutoka sebuleni. Na hata kama maneno ya huyu wa kwenu hayafiki kiwango cha kimbari, kuchochea vurugu na kutishia watu ni makosa ya kawaida ambayo polisi wanayajua.

Nikuonye kitu kimoja hapa. Mashtaka ya uchochezi yanaweza kutumika vibaya na serikali. Septemba 2009, vurugu zilipotokea baada ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga, redio ya Buganda CBS FM na redio nyingine zilifungwa kwa madai ya kuchochea, CBS ikakaa kimya mpaka Oktoba 2010. Kwa hio ukiandika taarifa yako usichanganye mtu anayeitukana serikali, au analilia ardhi yake, na mtu anayesema fulani wamalizwe. Ukichanganya, unampa mtu sababu ya kuitupa yote.

Kuhusu kuhifadhi. Usiforwadi hizo odio kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema, maana kila ukiforwadi umemsaidia kusambaza. Ihifadhi odio yenyewe ilivyo, usiikate, usibadilishe jina la faili, usirekodi kwa simu nyingine ukafuta ya kwanza. Piga skrinshoti inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe, saa, jina la grupu na idadi ya wanachama. Hifadhi na majibu ya watu pia, wale wanaosema "tumekuelewa mkuu", wale wanaoweka alama za panga, kwa sababu hayo ndo yanaonyesha wasikilizaji walielewa nini. Kwenye daftari andika maneno kama yalivyosemwa kwa lugha ya kwenu, neno kwa neno, afu tafsiri pembeni, na ueleze kwa nini neno hilo kwenu lina maana hio. Usiandike "hii ni kimbari", acha mwanasheria aamue, wewe andika nani kasema nini lini mbele ya nani. Neno kubwa likitangulia, ofisi zinaanza kubishana juu ya neno, ndivyo ilivyokuwa kwa serikali ya Marekani kule Washington 1994, wiki zikapita wakitafuta namna ya kutolitamka. Nakala moja ya faili zenyewe, usiitume kwa kuforwadi, iwe kwa mtu unayemwamini nje ya kambi.

Kitu ambacho nakuomba usikifanye ni kwenda kuwahoji watu waliobakwa au waliofiwa kule nyumbani ili kukusanya ushahidi zaidi. Mtu akihojiwa mara tano na watu watano, maelezo yanatofautiana kidogo kidogo, na siku ya kesi wakili wa mshtakiwa anamrarua nayo, mbali na yale maumivu ya kurudia. Hio iachie watu waliofundishwa.

Upeleke wapi? Usianzie kwa viongozi wa jamii kama nao wamo kwenye grupu. Anza na afisa wa ulinzi wa UNHCR hapo Kyangwali, omba kuongea faragha. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Hoima. Refugee Law Project ya Makerere wanajua kesi za wakimbizi, watakusaidia kuandika vizuri. ICC inapokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote, bure, wana njia ya mtandaoni inaitwa OTPLink, na Kongo ni mwanachama kwa hio Ituri iko ndani ya mamlaka yao. Upande wa kikanda, nchi za Maziwa Makuu zilisaini itifaki ya kuzuia kimbari mwaka 2006, sekretarieti iko Bujumbura, na Uganda ina kamati yake ya kitaifa ya kazi hio. Wengine hawatajibu, najua, nimeandikia ofisi nyingi zisizojibu. Tuma hata hivyo na uhifadhi uthibitisho kwamba ilipokelewa, kwa sababu ya ile hukumu ya ICJ ya 2007. Siku unayotuma ndo siku wanaanza kujua. Afisa anayepokea karatasi yenye muhuri na tarehe anajua kesho anaweza kuulizwa alifanya nini nayo, na yeye pia ni mtu wa kati anayehesabu. Tayari kuhusu kwenu kuna rekodi, Januari 2020 ofisi ya haki za binadamu ya UN ilitoa ripoti ya Djugu na Mahagi, huko huko Ituri, watu wasiopungua 701 waliouawa kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019, ikasema baadhi ya yaliyotokea yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, hata kimbari. Kwa hio hakuna ofisi inayoweza kukwambia unazusha hatari.

Kutoka au kubaki kwenye grupu, usalama wako na wa watoto unatangulia kila kitu. Kama kuna anayekushuku, toka, hakuna odio yenye thamani ya maisha yako. Kama hakuna, baki kimya, usibishane nae, usiweke emoji, toa picha yako kwenye profaili, na faili halisi za odio zikishahifadhiwa salama kwingine zifute kwenye simu unayotembea nayo, maana simu za kambini zinaazimwa na watoto wanachezea. Halafu usisubiri ziwe nyingi. Chukua ile ya msimu wa kulima, na majibu yake, iende kwa afisa wa ulinzi wiki hii, zile nyingine zitafuata.